Kama Marekani Ingekuwa na Mke wa Tatu

Baba Amani,

Vumilia mwandiko. Wewe ndiwe uliyenifundisha herufi, kwa chaki yako ya kushonea, juu ya kipande cha kitambaa cheusi, na nilipokosea ulifuta kwa kiganja ukasema nirudie, herufi haiumi. Shule sikuikanyaga. Mwalimu wangu ulikuwa wewe, kwa hiyo nikikosea leo aibu ni yako.

Tuko wazima. Lifti ya jengo bado imekufa. Ilikutangulia lakini haijazikwa. Pale chini mlangoni ulipokuwa unaweka cherehani sasa amekaa Mmalawi mmoja, fundi viatu, ana adabu, ananisalimia kabla sijafika. Riziki bado anasuka nywele kwenye saluni ya karibu na robot, taa za barabarani kama wanavyoziita huku, miguu inamvimba kwa kusimama, hataki nimwambie apumzike. Kizulu anakiongea mpaka wenyewe wanamuuliza anatoka kijiji gani. Kiswahili chake kimebaki cha kuniomba chakula na kunigombeza. Nguzo zote za taa hapa Hillbrow zimevaa picha za wagombea, maana nchi hii inakaribia kupiga kura, na vyama ni vingi mpaka nguzo zimechoka. Ungekuwepo ungesimama chini ya kila nguzo, nami ningechelewa sokoni.

Lakini sikukuandikia habari za nguzo. Nakuandikia habari za Amani na Furaha, na ile ndoto yako ya chama cha tatu cha Marekani, ambayo mimi nilikuwa naiita ugonjwa. Nimeitumia. Ngoja nikueleze, na usinikatize kama ulivyozoea.

Kazi yako ilikuwa cherehani, maradhi yako yalikuwa Marekani. Nchi hukuikanyaga. Ila ilichukua watoto wetu wawili wakubwa kutoka kambini Kigoma, wakati sisi vita vya Kongo vilikuwa vimetutupa huku kusini, Riziki mgongoni. Ulisema mtu akioza mtoto lazima ajue tabia za ukweni. Basi kila jioni redio. Saidi akishafunga kibanda chake cha kunyoa anakuja kukaa juu ya kreti, Mrundi yule mwenye ulimi kama wembe wake, mnaanza. Mteja amekuja kupunguza suruali, nyinyi mnapunguza Marekani.

Punda na tembo. Mwanzo nilidhani mnasimuliana hadithi za watoto. Ukanieleza kwamba kule vyama vyenye nguvu ni viwili tu, kimoja alama yake punda, kingine tembo, na tangu zamani wanapokezana ikulu kama ndugu wawili wenye koti moja. Mimi nilikuwa nimezoea chama kimoja, kile cha ujana wetu, tulipopangwa uwanjani kumchezea mkubwa ngoma, jua kali, watoto wanaanguka. Kwa hiyo viwili niliona ni neema. Wewe ukasema hapana, viwili vina hatari yake. Ukiwa na mpinzani mmoja tu, ulisema, huna haja ya kuwa mzuri. Inatosha yeye aonekane mbaya kuliko wewe.

Neno hilo nililishika.

Ukawajengea chama cha tatu, wewe fundi nguo. Ukakipa watu: wale wa kila upande waliochoka kupigiwa kelele. Ukakipa na kazi, kwamba hata kisiposhinda, kizuie hao wawili kushinda peke yao, walazimike kuketi na kuulizana. Mkaanza kukitafutia mnyama. Saidi alitaka ng'ombe, kama Mrundi wa kweli. Wewe ulitaka mbuzi, kwa sababu mbuzi hafuati mstari. Mliponiuliza mimi nikasema kuku, mkacheka, nami sikuwa natania. Kuku anajulikana kila nyumba. Tembo nani amewahi kumfuga?

Saidi alikuwa na hoja, na lazima niseme ilikuwa hoja. Alisema kule anayetangulia kwenye jimbo anabeba jimbo zima, hata akimzidi mwenzake kwa ukucha. Kwa hiyo wa tatu akiingia hampunguzii adui, anampunguzia jirani, yule wanayefanana, na adui anapita katikati yao anapiga mluzi. Wewe ukajibu kwamba hesabu ile haikushuka kutoka mbinguni, inaweza kubadilishwa, mtu aandike anayempenda kwanza na anayemvumilia pili. Tena ukasema katika sheria yao kuu, ikitokea watatu wamegawana kura za majimbo na hakuna aliyepita nusu, basi bunge ndilo linachagua mkubwa, na kila jimbo, liwe kubwa kama Kongo au dogo kama Rwanda, lina sauti moja. Ulisema hilo kwa sauti ya mtu aliyeokota pete.

Ndipo ukaleta mafiga. Mawili hayashiki sufuria, ulisema, yanatakiwa matatu. Nikakuambia wewe hujawahi kupika. Mafiga yanashika sufuria kwa sababu hayatembei na hayana wivu. Ukitaka kujua watatu wanakaaje, muulize mtu aliyezaliwa nyumba ya wake watatu, na huyo ni mimi. Nikaweka chini sufuria ya sombe, majani yangu ya muhogo, nikawapa habari za nyumba ya baba yangu, zote, hata zile nilizokuficha wakati unanichumbia.

Mama mkubwa na mama yangu walikuwa wawili kwa miaka mingi. Nyumba ile haikuwa na jambo dogo. Mama mkubwa akisema mvua itanyesha, mama yangu anaanika mihogo. Baba leo analala huku, kesho kule, na kila aliyempata usiku aliamka ameshinda. Sisi watoto tulikuwa askari wao. Nilimpiga dada yangu wa mama mkubwa kwa jiwe, nikiulizwa leo sababu siijui. Kisha baba akaoa wa tatu, Mama Nyota, msichana wa ng'ambo ya mto. Siku aliyoingia, mama yangu na mama mkubwa walikaa jiko moja kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, wakamsema yule bibi arusi mpaka ugali ukaungua. Waliungana kwa kumchukia, ndiyo, lakini waliungana, na watu wakishapeana chumvi siku moja hawarudi kuwa wageni. Mama Nyota naye hakuwa mjinga. Akajifunza. Kwa habari ya shamba yuko na huyu, kwa habari ya maji yuko na yule. Akawa mdogo kuliko wote na wote wanamhitaji. Ugomvi haukuisha, nisikudanganye. Ila zamani waligombania nani ni mtu na nani si mtu. Sasa wanagombania mtaro upite wapi, na ugomvi wa mtaro una mwisho, watu wanakwenda kula.

Saidi akasema, "Basi Marekani haihitaji chama, inahitaji mahari." Ulicheka mpaka ukatoa mguu kwenye cherehani.

Nikakupa na upande wa pili, hapo ukaacha kucheka. Mama Nyota alilipa. Wa huku walimwita mtu wa kule, wa kule walimwita mtu wa huku. Alikula peke yake miaka. Nikakuuliza, hao watu wako wa chama cha tatu, wako tayari kula peke yao? Ukaweka mkasi chini. Ukasema, "Hilo sikulifikiria, Mama Amani." Nimelitunza neno lile, maana katika ndoa yetu yote sikukusikia ukilisema mara nyingine.

Sasa watoto.

Unajua walivyokua. Amani ndiye aliyembeba Furaha mpaka kambini tulipotawanyika, wakakua kwenye hema moja, anamwachia sehemu ya chini ya uji, ile nzito. Marekani wakapewa nyumba mji mmoja. Amani yuko kiwanda cha nyama, amesimama kwenye baridi na kisu siku nzima, na mchungaji wake ni wa tembo, na yeye anasema tembo anaheshimu kanisa na jasho la mtu. Furaha anaosha wazee kwenye nyumba ya wazee. Mama mkwe wake na mashemeji bado wako kambini wanasubiri kuitwa, na Furaha anasema tembo ndiye aliyefunga mlango. Nimewasikiliza wote wawili. Kila mmoja ana tumbo lake linalouma. Ningekuwa kule, sijui ningesimama wapi.

Kule watu wanachomeka kibao kwenye majani mbele ya nyumba, chenye jina la wanayemtaka, kama watu wanaouza kiwanja. Furaha alikuwa anakwenda kwa kaka yake kwenye ubatizo wa mtoto, sufuria ya sombe magotini, akakiona kibao. Hakushuka. Akamwambia mumewe ageuze gari. Amani aliwaona kutoka dirishani, amemshika mtoto aliyevaa nyeupe. Tangu siku ile hawakusemezana tena. Wewe ulimpigia huyu, ukampigia yule, ukaja kitandani umechoka kuliko wiki ya kushona sare za kwaya. Uliniambia kifua kinabana. Nikadhani ni hasira.

Baridi iliyofuata ukaenda.

Ulizikwa na simu mbili. Hilo sijakuambia. Amani alikataa kuonekana kwenye simu ambayo Furaha yumo, Furaha naye hivyohivyo, kwa hiyo Riziki alisimama kichwani kwako ameshika simu ya Amani, na Saidi akasimama miguuni ameshika ya Furaha. Wote wawili walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa katikati, nasikia kilio kimoja upande huu na kingine upande ule, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Nimezika mama, nimezika baba, nimezika mtoto njiani. Sijawahi kuona aibu kwenye kaburi kama siku ile.

Mwaka ukatimia. Kanisani wakaanza kuniuliza matanga naondoa lini. Wewe utaratibu unaujua, lakini acha niuandike, kwa sababu Riziki ataisoma barua hii na yeye amelelewa njiani. Kwetu maji yanawekwa katika bakuli moja, watoto wote wa marehemu wananawa, mkubwa kwanza, wanakula pamoja, maji yanamwagwa mlangoni, ndipo mjane anavua nyeusi. Aliyenawa ni mtoto. Asiyenawa, siku akija kusema "baba yangu", watu wanatazama chini. Nilimuuliza mzee wetu wa kanisa kuhusu walio mbali. Akasema kwa dunia ya sasa wanaweza kunawa huko waliko, kwa simu ya picha, mradi wote wanaonana. Isiwe kila mtu ananawa kwake kama wageni wa hoteli.

Amani akasema yuko tayari wakati wowote, mimi na yeye. Furaha akasema yuko tayari wakati wowote, mimi na yeye. Nikakataa. Nikabaki na nyeusi yangu majira mazima ya joto, inaninyonya jasho, na wanawake wa kanisa wakaanza kusema nimeugeuza ujane kuwa kazi. Na wale wawili hawakuacha kunituma sauti. Huyu anataka niseme yule amepotea. Yule anataka niseme huyu ametuuza. Nikawa lile jimbo wanaloligombania, kila mmoja anakuja kunipaka mafuta.

Nikaomba. Nikafunga. Nikawatukana. Hakuna lililofanya kazi.

Siku moja niko kwenye kona, robot nyekundu, mfuko wa lengalenga, mchicha wetu, mkononi, taksi zinapiga honi, natazama juu kwenye nguzo zile nyuso zote za wagombea. Nikakukumbuka wewe na kreti ya Saidi. Nikamkumbuka Mama Nyota. Nikasema, lakini hawa watoto wako wawili tu. Hawana mtu wa tatu wa kumchukia pamoja. Robot ikageuka kijani, watu wakanipita, mimi nimesimama tu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Saidi. Nikamwambia atanawa kwenye bakuli lako, mahali pa mkubwa. Alikuwa anamnyoa mtu, akasimamisha mashine. Akasema, "Mama, mimi ni Mwislamu, tena Mrundi, tena nimemzidi Amani umri." Nikamwambia vizuri, ndiyo maana utaanza wewe.

Usidhani nilimtumia mtu wa watu kama kijiti. Ile wiki ya fujo, walipokuja kuvunja vibanda vya wageni, nani aliyebeba cherehani yako kichwani kwa ngazi mpaka kwetu, akaacha viti vyake vya kunyolea vinavunjwa? Kaburini nani aliyeshika simu ya mtoto ambaye si wake mpaka koleo la mwisho la udongo? Nilipomwita mtoto wako nilimaanisha. Hata wale wa tumboni wangekuja wote, yeye nilitaka anawe. Mahali pa mkubwa tu ndipo palikuwa siasa.

Basi nikachukua simu nikatuma sauti, maneno yaleyale kwa Amani na kwa Furaha. Nikasema, "Mimi mama yenu nimeanzisha chama cha tatu. Wanachama ni mimi, Riziki na Saidi. Hatumtaki punda, hatumtaki tembo, tunataka kuondoa matanga. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunanawa. Saidi atanawa kwanza, mahali pa mkubwa, Riziki atamfuata, na bakuli litakuwa limetimia. Nyinyi endeleeni na siasa zenu."

Riziki alisikia akiwa mlangoni. Akasema, "Eish, Mama, umewaua." Nikamwambia aniletee vitunguu.

Amani alipiga kwanza. Alinigombeza kwa adabu, kama ulivyomfundisha, kila sentensi inaanza na Mama kwa heshima. Akauliza tangu lini kinyozi wa Bujumbura akawa mzaliwa wa kwanza wa baba yake. Nikasema mahali palikuwa wazi. Furaha yeye alilia, akasema nimemuuza baba kwa bei ya kunyoa. Kisha simu ikanyamaza.

Hapo ndipo pagumu, mume wangu. Ilinyamaza muda mrefu. Riziki naye alininunia, akarudi kutoka saluni anakula chumbani kwake. Saidi aliogopa kupita. Nikakaa na sahani yangu, mimi na ukuta, nikajua Mama Nyota alikuwa anatafuna nini miaka ile yote. Na niliogopa. Maana kama wasingekuja, ningenawa kweli, nilikuwa nimeshatamka. Na ningekuwa nimewafukuza watoto wangu wawili kwenye jina la baba yao kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliomba Mungu awape hasira ya kutosha.

Aliwapa. Haya yaliyofuata nimeambiwa na Riziki, ambaye aliambiwa na wote wawili. Furaha ndiye aliyempigia kaka yake. Hakusalimu. Alisema, "Umesikia upuuzi wa Mama?" Na Amani, badala ya kukata, akasema amesikia, na akaongeza wa kwake. Wakanisema. Walianza na Saidi, wakarudi kwenye habari za zamani, jinsi nilivyo na kichwa kigumu, jinsi nilivyowahi kumrudisha mchungaji mlangoni kwa sababu viatu vyake vina matope. Wakafika kambini. Wakafika kwenye uji. Walizungumza mpaka zamu ya Amani kiwandani ikaanza bila Amani. Kwa lugha yako, waliunda serikali ya mseto dhidi yangu.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimeweka bakuli mezani, lile la bati lenye ua, Saidi amevaa kanzu iliyopigwa pasi, Riziki amekunja uso. Simu ikalia. Moja. Nikaitazama, nikaona jiko la Furaha, na katikati ya meza yao bakuli, na nyuso mbili zimebanana kwenye kioo kama walivyokuwa wakibanana kwenye blanketi. Amani amenenepa. Akasema, "Mama, tumekaa, tumeongea, tumekubaliana kwamba umekosea."

Tumekubaliana. Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini kiongozi wa chama hapigi vigelegele akishindwa, nikakunja uso zaidi ya Riziki.

Wakaleta masharti yao. Amani anawe kwanza, yeye ni mkubwa. Nikakubali, lakini nikavutana kidogo ili wasigundue. Amani akasema Saidi anawe wa mwisho, baada ya watoto wa damu. Hapo nikagoma. Nikasema Saidi hakai nyuma ya Riziki, umri ni umri. Na unajua nani aliyeniunga mkono? Furaha. Alisema mtu aliyeshika simu yake kwenye kaburi la baba hawezi kuwa mkia. Amani akajikuta peke yake, akakubali. Ikaja habari ya maji. Furaha akataka yao wayamwage kwenye mlango wake yeye, na hayo ndiyo yahesabiwe, kwa sababu wajukuu wako kule. Amani akasema hapana, mlango wa baba ni ule alioshonea, Hillbrow. Nikasimama na Amani. Furaha akajikuta peke yake, akakubali. Nikaona macho ya Saidi yanaruka kutoka kwangu kwenda kwenye simu, na mdomo wake unacheza, nikajua naye anakukumbuka.

Wakanawa. Amani, halafu Furaha, kule. Saidi hapa, alisema bismillahi yake polepole. Riziki wa mwisho, machozi yanaingia kwenye bakuli, nikamwambia maji yanatosha. Mjukuu mmoja, yule wa nguo nyeupe, amekuwa mkubwa, akaingiza kichwa akaniita koko, yaani bibi, akauliza kwa Kiingereza kwa nini watu wazima wanacheza na maji.

Tulikula, wao kwao, sisi kwetu. Nikamuuliza Amani kibao kiko wapi. Akasema kiko gereji. Furaha akadakia kutoka nyuma, kiko gereji mpaka mwakani. Wakacheka, kicheko cha meno ya mbele tu, lakini cha watu wawili. Kisha tukashuka ngazi zote na bakuli, Riziki ameshika simu, moja, wale wawili ndani yake, nikamwaga maji pale ulipokuwa unakaa. Mmalawi alisogeza viatu vyake bila kuuliza. Nikapanda juu nikavua nyeusi.

Sasa nikujibu habari ya Marekani yako, maana nimeifikiria. Hukukosea, lakini uliota kupita kiasi. Ulidhani wa tatu akija, wale wawili watapendana na huyo wa tatu ataheshimiwa. Hapana. Amani bado ni wa tembo, Furaha bado ni wa punda, na wote wawili bado wanasema nilikosea. Nchi yenye watatu itagombana kila siku, pengine kwa sauti kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba hakuna atakayeweza kugeuza gari na kwenda zake. Atahitaji kumpigia mmoja wa wenzake, akitaka asitake. Kwangu mimi hilo linatosha, mengine ni mapambo.

Lakini lile swali langu bado liko palepale. Nani katika nchi kubwa namna ile atakubali kuwa Mama Nyota, punda ampige teke, tembo amkanyage, na jioni akae na sahani yake peke yake? Mimi niliweza kwa sababu niliwazaa. Nchi nani ameizaa? Ukiwa huko ulikokwenda na kuna mtu anayejua, muulize. Mimi sijui, na Saidi hajui, ingawa anajifanya.

Mkono umechoka. Mwakani watapiga kura tena kule, na wataanza tena, nawajua, wana damu yako ya ubishi na kichwa changu. Nakuahidi hivi. Asubuhi ya kura yao, kabla hawajafungua televisheni, nitawapigia wote wawili kwenye simu moja na kuwapa jambo la kunikasirikia. Nitalitafuta kubwa. Wakinichukia siku nzima pamoja, ujue kazi yako ninaifanya.

Kaa kwa amani, mume wangu, mbishi wangu. Mimi bado ni yuleyule uliyemwacha,

Mama Amani, na Furaha, na Riziki, na sasa Saidi.